Mali Bila Daftari: Rock and Roll na Mama Aliyeachwa Nje ya Hadithi

Nimechoka na hadithi mbili.

Ya kwanza unaijua. Mwaka 1954, mjini Memphis, kijana wa Kizungu aliyekuwa dereva wa lori aliingia kwenye studio ndogo ya Sam Phillips, akashika gitaa, akaimba kwa namna ambayo dunia haijapata kuisikia, na hapo hapo rock and roll ikazaliwa. Kijana mwenyewe ni Elvis Presley. Tangu siku hiyo anaitwa Mfalme, na mfalme hapa duniani haulizwi kiti alikipata wapi.

Ya pili ni jibu la hiyo ya kwanza, na siku hizi ndiyo inayopendwa zaidi na sisi wasomaji wasomaji: eti Elvis hakubuni chochote, ni mwizi tu, aliwaibia Weusi muziki wao, kwisha habari. Ukiisema mbele za watu unaonekana umesoma. Vichwa vinatikiswa, mjadala unafungwa, chai nyingine inaagizwa.

Mimi nasema hadithi zote mbili ni za kivivu, na uvivu wake ni wa aina moja: zote zinamhusu Elvis. Hata tunapomtukana, yeye ndiye aliyekaa katikati ya sebule. Wale tunaodai kuwatetea wanabaki kundi lisilo na majina, "Weusi", kana kwamba muziki ule ulichimbwa ardhini Mississippi kama viazi vitamu. Kana kwamba haukutungwa na mtu mwenye jina, mwenye mama yake, mwenye usiku aliokesha akibishana na nyuzi mpaka zikakubali.

Basi leo nitataja majina. Halafu tutagombana kidogo kuhusu sisi tunaoandika, kwa sababu kesi hii ukiitazama vizuri inaihusu kalamu zaidi ya inavyolihusu gitaa.

Mlokole mwenye gitaa

Naanza na Sister Rosetta Tharpe. Alizaliwa mwaka 1915 huko Cotton Plant, Arkansas. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mhubiri katika Church of God in Christ, kanisa la Kipentekoste la Wamarekani Weusi. Kwa lugha ya huku kwetu tungewaita walokole. Katika kanisa hilo Mungu hakusifiwa kwa kunong'ona. Kulikuwa na matari, ngoma, makofi, piano, miguu ikigonga mbao. Mtu yeyote aliyewahi kuingia kwenye mkesha wa maombi Mbeya au Kisumu saa nane za usiku, mapambio yamekolea, hahitaji kuelezwa zaidi. Huko ndiko mtoto Rosetta alikojifunzia gitaa, akazunguka na mama yake wakihubiri, wakafika hadi Chicago.

Mwaka 1938 akaanza kurekodi na kampuni ya Decca. Miongoni mwa nyimbo za mwanzo ulikuwemo "Rock Me", uliotokana na wimbo wa kanisani wa Thomas A. Dorsey. Mwaka huo huo akapanda jukwaa la Cotton Club, New York, mahali pa pombe na wacheza shoo, na mwezi Desemba akapiga Carnegie Hall. Waumini wenzake waliumia. Kwao ilikuwa kama kumwona mwimbaji wa kwaya yako ameingia baa na kitabu cha tenzi mkononi. Lakini Rosetta hakuona kwamba gitaa lina milango miwili, mmoja wa mbinguni na mwingine wa mjini.

Mwaka 1944 akaingia studio na mpiga piano Sammy Price, wakarekodi "Strange Things Happening Every Day". Mwaka uliofuata wimbo huo ulipanda hadi nafasi ya 2 kwenye chati ya jarida la Billboard iliyotengewa muziki wa Weusi. Usikilize leo. Piano inakimbia, gitaa linajibu, sauti ya mwanamke inahubiri na kutania kwa pumzi moja, na mguu wako unaanza kugonga sakafu kabla hujauruhusu. Wakati ule wa kurekodi, Elvis alikuwa na miaka 9.

Mwaka 1947, mjini Macon, Georgia, Rosetta alimsikia kijana wa miaka 14 akiimba nyimbo zake kabla ya onyesho, akampandisha jukwaani. Kijana yule dunia ilikuja kumjua kwa jina la Little Richard. Kuna kikundi cha waimbaji Wazungu kilichoitwa The Jordanaires, kile kilichoitikia nyuma ya Elvis kwa miaka mingi: kabla ya Elvis, kilikuwa kimeimba na Rosetta. Mwaka 1951 alipofunga ndoa, aliifungia kwenye uwanja wa mpira, Griffith Stadium, Washington, watu wakakata tiketi, na waliofika walizidi 20,000. Baada ya kiapo, bibi harusi akapiga gitaa. Sasa niambie, huyo si nyota? Kwani nyota mnamtakaje?

Alifariki mwaka 1973 mjini Philadelphia, na kaburi lake likakaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe lenye jina. Jumba la heshima la muziki huo huko Marekani, Rock and Roll Hall of Fame, lilipoingiza kundi lake la kwanza la wanamuziki mwaka 1986, halikumchagua mwanamke hata mmoja. Rosetta aliingizwa mwaka 2018. Hesabu mwenyewe: miaka 32 baada ya jumba kufungua milango, miaka 45 baada ya mwenyewe kuzikwa.

Naomba nieleweke. Sidai kwamba wimbo wake ndio "wa kwanza". Huo mchezo wa kutafuta wa kwanza umewapotezea watu muda mwingi. Wapo wanaomtaja Roy Brown na "Good Rocking Tonight" ya 1947, wapo wanaomtaja Fats Domino na "The Fat Man" iliyorekodiwa New Orleans mwishoni mwa 1949, na wengi wanaitaja "Rocket 88" ya 1951. Mto hauna tone la kwanza. Ninachodai ni hiki: hadithi yoyote ya muziki huu inayoweza kusimuliwa tangu mwanzo hadi mwisho bila jina la Rosetta ni hadithi iliyoandikwa vibaya, na aliyeiandika anapaswa kuulizwa.

Neno lilitoka wapi

Wapenzi wa lugha, hapa ni kwenu. Neno lenyewe, yale maneno mawili ya kuyumba na kubingirika, lilikuwa mitaani zamani sana kabla ya Memphis. Mabaharia walilitumia kwa mwendo wa chombo baharini. Kanisani lilimaanisha roho iliyopandisha. Chumbani lilimaanisha mambo ya chumbani. Mwaka 1922 mwimbaji wa bluzi Trixie Smith alirekodi wimbo uliobeba maneno yote mawili kwenye jina lake, na hakuwa akizungumzia bahari wala kanisa.

Kisha akatokea mtangazaji wa redio mjini Cleveland, Alan Freed. Kuanzia 1951 alipiga usiku santuri za Weusi, na kadiri vijana wa Kizungu walivyozidi kusikiliza ndivyo alivyozidi kuuita muziki ule rock and roll. Tarehe 21 Machi 1952 aliandaa dansi kwenye ukumbi wa Cleveland Arena. Wakaja watu maelfu kuliko nafasi zilizokuwepo, milango ikavunjwa, onyesho likasimamishwa. Umati ule ulikuwa karibu wote wa Weusi. Yaani sherehe inayotajwa kama onyesho kubwa la kwanza la muziki huo ilijaa watu ambao baadaye tuliambiwa waliukuta muziki huo kwa wenzao.

Kabla ya hapo Billboard ilikuwa ikiita chati ya muziki wao "Race Records", santuri za rangi. Mwaka 1949 ikaona aibu, ikabadilisha kuwa "Rhythm and Blues". Bidhaa ile ile, gunia jipya. Freed akaongeza gunia la tatu. Fats Domino mwenyewe alikuwa akiwaambia waandishi wa habari kwamba hicho wanachokiita rock and roll ni kile kile alichokuwa akikipiga New Orleans miaka yote. Hakuna aliyembishia, ila hakuna aliyeandika upya kichwa cha habari pia.

Sisi watu wa vitabu tunajua maana ya kubadilisha jina. Ukimpa kitu jina jipya, unaweza kukiandikia na tarehe mpya ya kuzaliwa. Ndicho kilichotokea. Muziki wenye umri wa miaka 15 ulipewa cheti cha kuzaliwa cha mwaka 1954.

Wahenga walishasema

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nadhani hakuna sentensi inayoeleza historia ya roki kwa usahihi kuliko methali hiyo, na aliyeitunga hakuwahi kuiona Memphis.

Tazama "Rocket 88". Kwenye lebo imeandikwa Jackie Brenston and His Delta Cats. Bendi hiyo haikuwepo. Waliopiga ni Kings of Rhythm, bendi ya Ike Turner, na Brenston alikuwa mpiga saksafoni wao aliyeimba wimbo huo. Inasimuliwa kwamba amplifaya ya mpiga gitaa, Willie Kizart, iliharibika njiani, ikabidi spika yake isindikwe karatasi ndani, na ndiyo maana gitaa linakoroma vile. Napenda sana kisa hicho. Karatasi moja iliupa wimbo sauti yake, karatasi nyingine, ile ya lebo, ikamnyima Ike Turner jina lake.

Tazama "Maybellene" ya Chuck Berry, mwaka 1955. Santuri ilipotoka, Berry alikuta kwenye orodha ya watunzi majina mawili ambayo hayakutunga hata silabi: Russ Fratto na huyo huyo Alan Freed. Kumwandika mtangazaji kuwa mtunzi ilikuwa njia ya kumlipa ili aupige wimbo redioni. Ilimchukua Berry mpaka 1986 kurudisha wimbo wake mikononi mwake peke yake. Miaka 31! Mtoto aliyezaliwa siku santuri inatoka alikuwa tayari ana mvi mbili tatu.

Tazama Arthur Crudup. Alirekodi "That's All Right" mwaka 1946. Miaka minane baadaye ndio uliokuwa wimbo wa kwanza wa Elvis kutolewa na Sun. Crudup aliishia kufanya vibarua vya shambani, akafa mwaka 1974 bila kuona mirabaha aliyostahili.

Na mtazame Big Mama Thornton. Alirekodi "Hound Dog" mwaka 1952, ikatoka 1953, ikakaa kileleni mwa chati ya rhythm and blues kwa wiki 7. Alisimulia mara nyingi kwamba alichopata ni hundi moja ya dola 500. Elvis akaurekodi mwaka 1956, na pesa zilizoingia safari hiyo si za kuhesabiwa kwa vidole.

Hapo wale wa hadithi ya pili wanapiga meza: "Si tulisema? Wizi!" Subirini. Nani alikuwa mwenye kampuni iliyomlipa Thornton hiyo hundi moja? Ni Don Robey wa Houston, mwenye Peacock Records, Mmarekani Mweusi, mtu aliyejulikana kwa kuweka jina la bandia la Deadric Malone kwenye nyimbo walizotunga wengine. Na nani waliutunga "Hound Dog"? Jerry Leiber na Mike Stoller, vijana wawili wa Kiyahudi wenye miaka 19. Elvis hakumwibia Thornton wimbo, maana kwenye makaratasi haukuwa wake. Alichonyang'anywa Thornton ni malipo ya sauti yake, ya ule mngurumo na ule utani alioutia, na sheria ya wakati ule haikuwa hata na neno la kuita kazi hiyo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni

Kwa hiyo nitamtetea Elvis kwa aya moja, kisha nimwache. Alikulia Tupelo na Memphis katika umaskini, kwenye kanisa la Assemblies of God, Wapentekoste pia. Mwaka 1956 alimwambia mwandishi wa gazeti waziwazi kwamba Weusi walikuwa wakipiga muziki huu muda mrefu kabla yake, na akamtaja Crudup kwa jina. Aliyesema ukweli ni yeye. Waliouacha nje ya hadithi ni wengine, na wengi wao walikuwa na kalamu mkononi.

Muziki si ng'ombe kwamba ukimchukua mwenzako anabaki na zizi tupu. Chuck Berry alijenga "Maybellene" juu ya "Ida Red", wimbo wa zamani wa kantri, muziki wa Wazungu wa mashambani, na hakuna mwenye akili anayemwita mwizi. Sisi wa pwani ndio tungepaswa kulijua hili kuliko wote. Ukiivua taarabu kila kilichotoka Misri, India na Uarabuni, utabaki na nini? Utabaki na sisi, ndiyo, lakini bila fidla wala kanuni. Kuazimana ndio uhai wa nyimbo.

Kinachoibwa si mdundo. Kinachoibwa ni jina na pesa, na vyote viwili hukaa kwenye karatasi. Ndiyo maana nakataa neno "wizi" linapotupwa hewani tu. Wizi wa hewani hauna mshtakiwa. Wizi wa karatasi una mshtakiwa, una tarehe, una sahihi, na unaweza kudaiwa.

Nimesikia pia hoja ya wapatanishi: jamani, Wazungu walioimba nyimbo zile si waliwafungulia wenzao mlango? Mfano wao ni Pat Boone. Mwaka 1955 aliimba "Ain't That a Shame", wimbo wa Fats Domino na Dave Bartholomew, akafika nafasi ya 1, Domino mwenyewe akaishia ya 10. Mwaka uliofuata akaimba "Tutti Frutti" ya Little Richard, akafika ya 12, mwenye wimbo akaishia ya 17. Huo ndio mlango wanaousema. Lakini zikaja nakala mbili za "Long Tall Sally", mwaka huo huo wa 1956: Little Richard nafasi ya 6, Boone ya 8. Vijana walipopata nafasi ya kusikia zote mbili walimchagua mwenyewe. Mlango hawakufunguliwa na Boone. Waliusukuma wasikilizaji, na waliokuwa wameshikilia kitasa upande wa pili ni vituo vya redio na kampuni zilizoamua nani asikike wapi.

Waliouogopa walijua

Ukitaka kupima uzito wa kitu, muulize anayekiogopa. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku ubaguzi katika shule za umma. Agosti 1955 mtoto Emmett Till aliuawa Mississippi. Desemba mwaka huo ukaanza mgomo wa mabasi Montgomery. Katikati ya hayo, vijana Weusi na Weupe walikuwa wakinunua santuri zile zile na kucheza kwenye kumbi ambazo kamba ilikuwa imefungwa katikati kuwatenganisha. Kamba hizo zilikuwa hazidumu mpaka mwisho wa onyesho.

Huko Alabama, mtu anayeitwa Asa Carter, kiongozi wa mojawapo ya mabaraza ya Wazungu waliotaka ubaguzi uendelee, alianzisha kampeni ya kuondoa rock and roll kwenye mashine za santuri za mahotelini. Aprili 1956, watu wa kundi lake walipanda jukwaani Birmingham na kumshambulia Nat King Cole katikati ya wimbo. Cole wala hakuwa mwanamuziki wa roki! Alikuwa akiimba nyimbo laini za mapenzi. Lakini kwa wale waliopanda jukwaani, Mweusi anayependwa na hadhira ya Weupe alikuwa hatari tosha.

Sasa sikiliza mwisho wa Asa Carter, maana unatuhusu wapenzi wa vitabu. Baadaye alibadilisha jina, akajiita Forrest Carter, akajifanya ana asili ya Cherokee, na mwaka 1976 akachapisha The Education of Little Tree kama kumbukumbu za utoto wake. Kitabu kikapendwa mno. Mwaka 1991 kilikuwa kileleni mwa orodha ya New York Times ya vitabu vya kweli, mpaka mwanahistoria mmoja alipowakumbusha watu mwandishi alikuwa nani, kikahamishiwa upande wa hadithi za kubuni. Mtu aliyezunguka akihubiri kwamba muziki wa watu wengine utawachafua watoto wake alimaliza maisha yake akiuza maisha ya watu wengine kama yake. Na wahakiki walimwamini, kwa sababu karatasi ilisema hivyo.

Na huku kwetu?

Msidhani hili ni la kule tu. Mwaka 1958 Hank Ballard, Mmarekani Mweusi, alirekodi "The Twist", wimbo wake mwenyewe. Miaka miwili baadaye Chubby Checker, naye Mweusi, akaurudia kwa kuufuatisha karibu pumzi kwa pumzi, akaupigia televisheni, dunia nzima ikacheza. Wimbi hilo likafika Afrika Mashariki. Kenya ya miaka ya 1960 ilikuwa na twisti yake, na bingwa wake Daudi Kabaka. Mwaka 1968 kikundi cha Uingereza, The Tremeloes, kikaimba "Helule Helule" ya Kabaka na kuingia nayo kwenye chati za kwao. Mduara huo nautazama kwa furaha kabisa: kitu kimetoka kwa Mweusi wa Marekani, kimefika Nairobi, kimepata lafudhi mpya, kimekwenda London. Hakuna mwizi hapo. Lakini ukiuliza vijana kumi wanaoijua "The Twist", ni wangapi watamtaja Ballard? Na ukiuliza kumi wengine wanaoucheza muziki wa zamani harusini, ni wangapi watamtaja Kabaka?

Mfano wangu mkubwa, hata hivyo, ni mwingine. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya kimaskini, akauza vyungu mjini, akaimba, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri. Mwanamke, maskini, mwenye sauti, mwenye kufunga safari ambayo wanawake wa hali yake hawakuifunga. Mbona anafanana na Rosetta? Tofauti ni hii: Siti alipata mwandishi. Shaaban Robert, jina kubwa kuliko yote katika nathari yetu ya karne iliyopita, aliona kwamba maisha ya mwimbaji yanastahili kitabu kizima, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Kwa sababu ya kitabu hicho watoto wa shule ambao hawajawahi kusikia sauti yake wanalijua jina lake.

Rosetta, katika nchi tajiri kuliko zote, yenye vyuo vikuu na magazeti yasiyohesabika, alisubiri mpaka 2007 ndipo Gayle Wald akachapisha wasifu wake, Shout, Sister, Shout!. Mwaka uliofuata ndipo zikachangwa pesa za jiwe la kaburi. Angalia mfuatano huo: kwanza kitabu, ndipo jiwe.

Kwa hiyo wanaoniambia kwamba kuandika kuhusu wanamuziki ni kazi nyepesi, ya kurasa za burudani, eti fasihi ya kweli ni riwaya na ushairi, wamwambie hivyo Shaaban Robert. Mimi sina la kuwajibu zaidi ya hapo.

Ninachodai

Sidai tuache kumsikiliza Elvis. Nina santuri zake na sizitupi. Nadai mambo madogo ambayo mtu yeyote mwenye kalamu au simu anaweza kuyafanya kuanzia leo.

Ukiandika kuhusu wimbo, mtaje aliyeutunga, si aliyeuimba tu. Mtaje mpiga gitaa. Mtaje dada aliyeitikia nyuma. Ukikuta kwenye lebo maneno "wimbo wa asili" au "wimbo wa jadi", usiyanakili kabla hujauliza, kwa sababu majina mengi ya watu yamezikwa chini ya maneno hayo. Kuna wazee Tanga, Mombasa, Lubumbashi na Kampala waliopiga kwenye santuri ambazo lebo zake hazina jina lao, na bado wapo hai, na wanakumbuka nani alishika besi siku hiyo. Hawahitaji tuwatungie hadithi ya wizi mkubwa wa dunia. Wanahitaji mtu aketi nao na daftari, aulize, aandike tarehe, na ahakikishe tahajia ya jina.

Na wewe unayejiandaa kuniandikia kwamba Elvis bado ndiye Mfalme, karibu sana. Ila kwanza kasikilize "Strange Things Happening Every Day" mara mbili, ndipo urudi tubishane.